Jalala Limekuwa Bustani

Ndugu msomaji, leo nataka nikueleze habari ya uwanja wa nyuma wa nyumba yangu. Si mkubwa. Ukiupima kwa hatua za mtu mzima ni hatua 12 kwa hatua 9. Kwa miaka mingi ulikuwa jalala. Siku hizi unatupatia mboga karibu kila siku, hata mwezi wa Agosti, wakati ambapo huku Handeni mbuzi husimama kwa miguu miwili kutafuta jani juu ya mti. Kazi hiyo sikuifanya mimi. Ameifanya mke wangu. Mimi kwa muda mrefu nilikuwa mpinzani wake, na nitasema hivyo bila kuficha. Huenda na wewe unao uwanja kama ule, na huenda na wewe ni mbishi kama mimi.

Kijiji chetu kiko upande wa Handeni, kando ya barabara ya kwenda Korogwe. Barabara hiyo ina kilomita 65 tu, lakini mwanzo wake na mwisho wake ni nchi mbili. Korogwe wana mto Pangani, na juu yao iko milima ya Usambara. Huko milimani, Lushoto, ndiko zinakotoka kabeji na karoti nyingi tunazoziona sokoni. Sisi wa Handeni tunategemea mvua. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, ikipenda. Masika huja Machi hadi Mei. Baada ya hapo ni jua. Kwa miaka mingi hata maji ya bomba ya Handeni yamekuwa yakivutwa kutoka mto huo huo wa Pangani, yakasukumwa kwa mitambo mpaka huku. Mitambo ikisimama, ndoo ya maji inakuwa mali.

Mke wangu alizaliwa upande wa Korogwe, karibu na mto. Alipoolewa huku alitukuta wanaume tuna msemo wetu: "Bustani ni ya watu wa mtoni." Tulisema hivyo tukakaa kivulini, tukaona tumemaliza maneno.

Uwanja uliofagiwa mpaka ukang'aa

Kwanza nieleze kwa nini uwanja wetu ulikuwa mtupu. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni kubwa ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi nchi nzima. Walisikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakatoka kuchimba vyoo, kufukia madimbwi na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Baba yangu alikuwa katika kikundi kimoja. Mpaka anafariki alikuwa haoni jani karibu na ukuta ila atalifyeka. Mwaka 1975, baada ya ukame wa 1973 na 1974, ikaja kampeni nyingine, Chakula ni Uhai. Hiyo ilifundisha mambo ya lishe.

Kwa maoni yangu, sisi wa nyumba yetu tulishika fundisho la kwanza, la pili tukaliacha njiani. Mbele ya nyumba tulifagia kila asubuhi mpaka udongo ukang'aa kama sahani. Mvua ikija inauchukua. Na takataka zote za mbele tulizitupa nyuma: maganda, majivu, chupa, betri za redio, vipande vya sandarusi. Hapo nyuma nilikuwa nimeweka pia baiskeli yangu mbovu na mabati mawili ya kutu. Nilisema nitayatengeneza. Sikuyatengeneza.

Halafu mtoto wetu wa tatu, wa kike, akafikia miaka miwili. Alikuwa hachezi. Anakaa tu mlangoni. Mama yake akamtazama viganja, akaviona vyeupe. Akambeba kumpeleka zahanati. Huko akapimwa, akaonekana ana malaria na damu imepungua. Akapewa dawa ya malaria, na dawa ya kuongeza damu. Kisha mama muuguzi akauliza: "Mtoto anakula nini?"

Mke wangu akajibu: "Ugali."

"Kwa mboga gani?"

Hapo mke wangu akanyamaza. Ugali wetu wakati ule ulikuwa na maharage siku chache, dagaa siku chache, na siku nyingine chumvi na maji ya pilipili. Muuguzi akamwambia amtafutie mtoto mboga za majani ya kijani, maharage, dagaa na matunda, na asimpe chai pamoja na chakula. Aliporudi nyumbani nilimwambia: "Basi, kanunue mchicha." Akanitazama. "Kwa fedha gani, baba?"

Fungu la mchicha hapa kwetu lilikuwa shilingi 500, na fungu moja halitoshi watu sita. Sikuwa na jibu.

Nataka hapa tuelewane. Mboga si dawa ya mtoto ambaye damu imemwishia. Ukiona viganja vyeupe, ukiona mtoto anahema upesi au amelegea, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Malaria hula damu kuliko unavyodhani. Wenzetu wa Korogwe wanaijua sana, maana Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11 vya Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Bustani inafanya kazi nyingine. Inamsaidia mtoto aliyepona asirudi tena kule alikotoka.

Alianza na kuchambua taka

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Mke wangu hakuniomba fedha. Alichukua jembe na tenga, akaanza kulichambua jalala. Mimi nilicheka. Nikamwuliza kama amepoteza pete.

Alifanya mafungu. Vitu vinavyooza, yaani maganda, majani, mabua na mavi ya kuku, aliviweka upande mmoja. Vioo, makopo na sandarusi aliviweka kando. Betri zote alizitia katika ndoo iliyotoboka, akaifunika. Betri kuukuu zina kemikali za sumu. Usizichome moto, usizifukie mahali utakapopanda chakula, na usiwaachie watoto wazichezee. Chini ya jalala, baada ya kuondoa yote hayo, palikuwa na udongo mweusi, laini, wenye minyoo. Miaka yote ile tulikuwa tunatengeneza mbolea bila kujua, kisha tunaifunika kwa chupa.

Vile vitu vya kuoza akavitengenezea lundo la mboji chini ya kivuli. Kutengeneza mboji si kazi ngumu. Weka chini vijiti ili hewa ipite. Juu yake weka tabaka la majani makavu au mabua yaliyokatwakatwa, kisha tabaka la majani mabichi na maganda, kisha samadi kidogo na udongo kidogo, na majivu kiasi cha kunyunyiza tu. Nyunyizia maji, rudia tena mpaka lundo lifike kiunoni. Lifunike kwa nyasi. Chomeka katikati fimbo ndefu. Baada ya siku chache ichomoe uishike: ikiwa ya moto, lundo linafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa inanuka vibaya, maji yamezidi, ligeuze. Kila baada ya wiki mbili au tatu ligeuze, la juu liwe chini. Kwa miezi miwili au mitatu linakuwa mboji nyeusi isiyonuka. Usitie nyama wala mafuta humo, utaita panya na mbwa.

Kosa lake la kwanza lilikuwa haraka. Alikuwa na mavi mabichi ya kuku, akaona mboji inachelewa, akayachanganya na udongo wa tuta moja akapanda. Miche iliota, kisha ikakauka ncha kama imepitiwa na moto. Samadi ya kuku ni kali. Ni lazima ioze kwanza. Tena samadi mbichi ya mnyama yeyote isigusane na mboga za kuliwa, kwa sababu ya vijidudu vya tumbo.

Tuta la kuzama

Kwao Korogwe, mama yake alikuwa akipandisha matuta juu, maana kando ya mto maji ni mengi na yanahitaji kutoka. Hapa alifanya kinyume. Alichimba matuta ya kuzama. Upana ni mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani. Urefu ni upendavyo. Alishusha udongo kiasi cha sentimita 15 chini ya uwanja, akaulainisha udongo wa chini kwa jembe, akachanganya na mboji matenga mawili, akasawazisha. Ule udongo wa juu aliuweka pembeni kuwa ukingo. Maji ukiyamwaga humo hayakimbii. Yanakaa yanazama pale pale penye mizizi. Mvua ndogo ya dakika kumi, ambayo uwanjani inapita tu, kwenye tuta la kuzama inaacha kitu.

Lina ubaya wake. Masika ikinyesha kwa nguvu, tuta linageuka dimbwi na mizizi inaoza. Ndiyo sababu kila tuta amelifungulia mlango upande mmoja. Kiangazi anauziba kwa udongo, masika anauzibua.

Baada ya kupanda, alitandaza nyasi kavu katikati ya mistari. Matandazo hayo yanazuia jua lisipige udongo moja kwa moja. Nilimbishia pia hapo, nikasema nyasi zitaleta mchwa. Kweli mchwa walikuja kidogo. Lakini nilipotia kidole chini ya nyasi saa nane mchana nilikuta unyevu, na hatua moja pembeni udongo ulikuwa umepasuka. Sikusema kitu. Niliondoka.

Maji yenyewe yalitoka wapi? Hapa ndipo wanaume wengi wanaposimamia ubishi wao, na mimi nilisimamia hapo hapo. Nilimwambia sitanunua maji ya kumwagilia majani wakati watu hawana ya kunywa. Akasema: "Sijakuomba maji. Naomba usimwage." Akaweka ndoo moja ya kumwagia maji tunayonawia mikono, maji ya kuoshea mboga, na maji ya kusuuzia nguo na vyombo. Kwa wiki moja alihesabu. Tulikuwa tunamwaga mlangoni ndoo tatu za lita 20 kila siku! Tatu! Na hiyo bila kuhesabu maji ya kuoga.

Lakini maji machafu yana masharti. Maji ya sabuni ya mche, yakiwa yamechujwa na kuachwa yatulie, yanafaa ukiyamwaga chini kwenye udongo, si juu ya majani. Maji ya sabuni ya unga yana chumvi nyingi. Alipoyatumia mfululizo kwa wiki kadhaa, majani yaligeuka manjano na udongo ukashikana juu kama saruji. Siku hizi povu la kwanza la kufulia anamwaga mbali, na maji ya kusuuza ndiyo anayoyatumia, tena hayarudii tuta moja kila siku. Maji yenye jiki hayaingii bustanini kabisa. Maji ya nguo za mtoto mchanga zenye choo vile vile hayaingii. Maji ya vyombo yenye mafuta na makombo anayapeleka kwenye shimo la mgomba. Maji ya bafu yalikuwa yakituama nyuma ya ukuta na kuleta mbu. Sasa yanaingia kwenye mfereji mdogo hadi mashimo mawili ya mipapai. Na ndoo yoyote ya maji ikilala usiku inafunikwa, maana bustani isiyofunika maji yake inafuga mbu, na mbu tumekwisha kuwasema.

Mlango ulioachwa wazi

Vuli ilipokuja, bustani ilikuwa na matuta manne: mchicha mawili, nyanya chungu moja, mnavu na kunde moja. Kunde tunazipenda kwa sababu mbili. Majani yake ni mboga, na mmea wenyewe unaongeza rutuba ya udongo kwa kuvuta naitrojeni ya hewani. Ua aliuzungushia kwa milingoti ya mkonge. Ndugu wanaokaa karibu na mashamba ya mkonge wanaijua. Mkonge ukizeeka hutoa mlingoti mrefu wa maua mara moja tu, kisha hufa. Mlingoti ukikauka ni mwepesi, unafaa kwa ua na hata kwa kupaulia. Kaka yake alimletea mzigo mmoja kutoka Korogwe, kwa ruhusa ya wenye shamba. Kati ya mlingoti na mlingoti alichomeka matawi ya miiba na vipande vya mbono, ule ambao wengine huuita mbono kaburi. Mbono ukichomekwa huota, na mbuzi hawaupendi. Ila mbegu zake ni sumu, watoto waonywe.

Mlango wa ua ulikuwa lile bati langu la kutu.

Siku moja mwezi wa Novemba niliingia nyuma kutafuta rimu ya ile baiskeli. Nikatoka. Jioni tukasikia vilio vya watoto. Mbuzi watano wa jirani walikuwa ndani. Mchicha ulibaki vijiti. Kunde zilibaki mizizi. Mnavu hata mizizi haikuonekana vizuri.

Nilipandwa na hasira. Nikavaa shati nikaenda kwa jirani. Nilimtolea maneno mazito, nikamwambia tutaonana kwa mwenyekiti wa kijiji na atalipa. Jirani naye alikuwa na ulimi. Watu wakajaa. Mke wangu akaja akasimama nyuma yangu, akauliza kwa sauti ndogo: "Mlango uliachwa wazi na nani?"

Watu wote wakanitazama. Ndugu msomaji, sijui kama umewahi kutamani ardhi ikumeze.

Nyumbani hakunisema. Kesho yake alifajiri kutayarisha kitalu upya. Na jirani, mtu mwema kumbe, alileta matenga sita ya samadi kavu ya mbuzi. Alisema mbuzi wamekula, basi mbuzi walipe. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayefunga mlango. Baiskeli niliiuza kwa fundi, fedha ikanunua ndoo mbili na kopo la kumwagilia.

Magunia, majivu na mwarobaini

Mbegu za kwanza zilimgharimu shilingi 3,000. Hiyo ndiyo fedha yote aliyotoa mwaka ule. Vingine vyote vilikuwa vitu vya kutupwa.

Kwa mfano magunia. Kiroba cha sandarusi kikichakaa hakifai tena mahindi, lakini kinafaa kuwa shamba. Alikunja mdomo wake, akaweka mawe madogo chini maji yasituame. Kisha akasimamisha katikati kopo kubwa lililokatwa matako, akalijaza kokoto, na kulizunguka akajaza udongo uliochanganywa na mboji. Udongo ukifikia ukingo wa kopo, unalivuta kopo juu na kuacha kokoto zikisimama kama nguzo, unajaza tena, mpaka gunia linajaa. Maji humwagwa kwenye zile kokoto, yanashuka na kuenea mpaka chini. Ubavuni alitoboa matundu kwa kisu, akapachika miche ya mchicha na vipande vya matembele. Gunia moja limekaa karibu na mlango wa jiko, na linakula maji kidogo kuliko tuta. Ukitoboa matundu makubwa mno, udongo unamwagika. Gunia la kwanza lilimwagika.

Kwa wadudu hakununua dawa. Wale wadudu wadogo wanaojibandika chini ya majani, wadudu mafuta, aliwanyunyizia majivu makavu asubuhi majani yakiwa na umande, kisha akayaosha siku ya kuvuna. Majivu yasizidi, yanaharibu udongo. Sota, yule funza anayekata mche usiku kama kwa wembe, alimtafuta kwa kidole asubuhi. Ukikuta mche umekatwa, fukua hapo hapo, yumo. Kwa wadudu wengine alitwanga majani ya mwarobaini, akayaloweka usiku kucha, akachuja, akatia sabuni ya mche kidogo ili maji yashike kwenye jani, akanyunyiza jioni kwa ufagio. Jua kali linaua nguvu ya mwarobaini, kwa hiyo asubuhi haifai. Mboga iliyonyunyiziwa ikae siku kadhaa, ioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Alichagua mboga zetu zenyewe kuliko kabeji. Mchicha unachumwa wiki tatu au nne tangu kupandwa. Mnavu ukiuchuma kwa kubana ncha unatoa matawi mapya kwa miezi. Nyanya chungu inavumilia jua. Mchunga hata haukupandwa, ulijiotea, akauacha. Watu wengine huziona mboga hizi ni za kimaskini. Huko Arusha, tangu miaka ya 1990, kuna kituo cha utafiti kinachotunza na kuboresha mbegu za mboga za asili, mnavu na nyanya chungu zikiwemo. Wataalamu hawakuona umaskini hapo.

Mipapai ilinifurahisha zaidi. Papai lina miti dume na miti jike, na mche mdogo haujulikani ni upi. Alipanda miche mitatu kila shimo, akasubiri maua. Dume ukitoa maua yake kwenye vishada virefu ulikatwa, akaacha mmoja tu kwa ajili ya chavua. Tuliula tunda la kwanza kabla ya mwaka kwisha.

Daftari

Mke wangu alijifunza kusoma na kuandika ukubwani, katika darasa la kisomo. Baada ya kuhitimu alikuwa hana cha kusoma wala cha kuandika, na herufi zilianza kumtoka. Bustani ilimrudisha. Alinunua daftari, akaligawa kwa mistari: tarehe, mboga niliyochuma, kama ningenunua. Kila jioni aliandika. "Juni 4. Mchicha mafungu 2. 1,000." "Juni 5. Matembele. 500." "Juni 7. Hakuna, nimemwagia tu."

Mimi sikulijali. Mwisho wa Septemba akanipa nijumlishe, akasema macho yake yamechoka. Nadhani macho hayakuwa yamechoka. Nilijumlisha mara mbili. Ilikuwa shilingi 61,500 kwa kiangazi kimoja, na hapo sijahesabu mafungu aliyowapa wagonjwa na wageni. Ni kama sare za watoto wawili, na sisi mwaka ule sare tulikuwa tumezinunua bila kukopa. Nilikuwa nikijisifu kwamba nimebana matumizi.

Hapo ukaja mgogoro mwingine. Mboga za ziada alikuwa akiziuza, na mimi nikasema fedha ya nyumba inakaa kwa baba. Akaniuliza: "Fedha ya mahindi inakaa kwa nani?" Nikasema kwangu. "Na mahindi nalima na nani?" Tulibishana siku tatu. Mwisho tulikubaliana kwamba fedha ya bustani inakaa kwake, inaandikwa katika daftari, na mimi naruhusiwa kusoma. Nimegundua kwamba mtu akisoma hesabu iliyoandikwa anabisha kidogo kuliko akiambiwa kwa mdomo.

Sasa niseme juu ya kupika, maana mboga nyingi huharibikia jikoni. Mchicha tulikuwa tunauchemsha mpaka unabadilika rangi, halafu tunamwaga maji. Vitamini nyingine zinakwenda na maji hayo. Sasa tunaosha kabla ya kukata, tunakata, tunatia sufuriani na maji kidogo, tunafunika, dakika chache tu, na mafuta kijiko au karanga zilizotwangwa. Mafuta yanausaidia mwili kupokea vitamini A iliyo katika majani ya kijani na papai. Baada ya mlo tunakula kipande cha papai au chungwa, kwa kuwa vitamini C ya matunda inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika majani. Chai inafanya kinyume, inayazuia. Tunainywa asubuhi au saa kumi, si pamoja na mboga. Kisamvu hakimo katika utaratibu huo wa dakika chache. Kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe sana bila kufunikwa, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Mtoto tulimrudisha zahanati kama tulivyoagizwa. Dawa aliimaliza, chandarua analalia, na mboga anakula, ingawa mnavu anautema. Viganja vyake vina rangi. Siku hizi shida yake ni kwamba anakanyaga matuta.

Mboga za kuchuma hazichumwi zote. Katika kila tuta mke wangu huacha mimea mitatu iliyo na afya, haigusi, mpaka itoe mbegu na kukauka. Huikata asubuhi kabla upepo haujaanza, huipukutisha juu ya kanga, huipepeta, huianika kivulini siku chache. Kisha huitia katika chupa za soda zilizooshwa na kukaushwa, na majivu makavu kidogo ndani, na karatasi yenye jina la mboga na mwezi. Mwaka huu chupa ni nne. Moja amekwisha kuipeleka kwa yule jirani mwenye mbuzi, ambaye naye ameanza kuchambua jalala lake, na jana alikuja kuniuliza kama lile bati langu la pili bado lipo.